Mfuniko wa tenki la mafuta wa Land Rover ya zamani: pima kwanza ndipo uagize

Habari zenu wadau, tuko Mtwara mjini, na hii ni Land Rover Series III ya petroli, ile fupi ya inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mdomo wa tenki umezibwa kwa kitambaa. Kitoeni! Kitambaa kinafyonza petroli na kuileta nje, na cheche moja inatosha kuwasha gari zima. Sigara zizimwe, twende.

Futa mdomo. Bomba la ndani lenye chujio, lile linalovutwa juu wakati wa kujaza kwa dumu, lisukume hadi liishie. Likibaki juu kidogo, hakuna mfuniko utakaokaa.

Sasa vipimo. Chukua venia kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, au rula ya chuma. Pima kipenyo cha ndani, halafu cha nje. Dogo, sogeza kamera, jua linapiga kwenye lenzi... hapo hapo. Kipimo cha tatu ndicho watu wanakiruka: kina, kutoka ukingo wa mdomo kushuka hadi pale masikio ya mfuniko yanapokamata. Narudia, kina! Kipenyo kikiwa sawa na kina kikapishana milimita 2, mfuniko utazunguka vizuri mkononi lakini mpira wake wa kubana hautabana, na ukipanda mlima wa Newala kutoka upande wa Masasi petroli inamwagika ubavuni.

Piga picha mdomo ukiwa na rula pembeni, mtumie muuza spea wa Kariakoo, naye apige picha ya mfuniko kwa ndani, rula ikionekana. Ukiridhika ndipo apakie kwenye basi. Kama kuna Series imelala kwenye gereji ya jirani, anzia huko. Mfuniko wa mtumba ulionyooka naupenda kuliko mpya wa bati jembamba, maana chumvi ya bahari hapa inalitafuna bati, na kutu yake inadondokea kwenye tenki.

Mfuniko umefika. Usiufunge bado! Ipo mifuniko yenye tundu la kupumulia na ipo iliyozibwa kabisa. Iliyozibwa ni ya tenki lenye bomba lake la mpira la kupitishia hewa. Ukiiweka kwenye tenki lisilo na njia nyingine ya hewa, mafuta yanapungua, hewa haiingii, pampu inashindwa kuvuta, na gari linazima njiani. Ukifungua mfuniko unasikia fsss, gari linawaka, baada ya muda linazima tena. Watu wanabadilisha pampu na kabureta bure.

Uoshe kwa sabuni, ukauke. Bana kipande cha mpira wa maji kwenye tundu, upande wa ndani, kisha vuta hewa kwa mdomo. Hewa ikipita, mfuniko unapumua. Vuta, usipulize, kwa sababu baadhi zina vali inayoruhusu hewa kuingia tu. Nimesema vuta.

Mpira wa kubana ukiwa umekufa, kata mwingine kwenye mpira wa naitraili, ule unaostahimili mafuta, wenye unene uleule. Tyubu ya baiskeli hapana, inavimba kwenye petroli. Silikoni pia hapana: inalainika, vipande vinaanguka ndani na kufika kwenye kabureta. Ukiwa na shaka na mpira, uloweke kwenye petroli usiku kucha. Ukivimba, tupa.

Funga. Robo mzunguko, unabana, basi. Upepo huu unaingia kwenye maiki, nisogee... sawa. Cheni nayo ifungwe kwa ribiti kabla gari halijaondoka, mfuniko usisahaulike juu ya pampu ya kituo cha mafuta.

Jaribu: tenki likiwa nusu, nenda Mikindani urudi, kisha fungua taratibu. Mvuke ukitoka nje kidogo wakati wa joto, hakuna tatizo. Hewa ikivutwa kwenda ndani kwa nguvu, tundu limeziba: lizibue kwa waya mwembamba mfuniko ukiwa mezani, mbali na tenki, kisha rudia safari.