Kombe Liko Miguuni kwa Mkimbiaji wa Tano

SOMOE: Karibuni. Leo tuko Mtwara, na tunazungumza na walimu wa michezo wa vyuo wanaoandaa timu za mbio za nyika, wanaume na wanawake. Kaka Hamisi, vyuo vingi huanza kwa kusaka nyota mmoja.

HAMISI: Na hapo ndipo kombe linapopotea, dada Somoe. Mbio hizi zinahesabiwa kwa nafasi. Vyuo vya Marekani huingiza watu 7 na kujumlisha nafasi za 5 wa kwanza. Mashindano ya dunia wanakimbia 6, wanahesabiwa 4. Jumla ndogo ndiyo inashinda. Timu ikishika nafasi ya 1, 2, 15, 20 na 22, ina 60. Wenzao wakishika 6, 8, 9, 10 na 12, wana 45. Hawana mtu hata mmoja kwenye tatu bora, na kombe ni lao.

SOMOE: Kwa hiyo mwalimu apange mazoezi akimwangalia yule wa tano.

HAMISI: Huyo huyo. Na kinachomvunja wa tano ni kufukuzana na nyota kila asubuhi. Siku ya mbio nyepesi, anayeshindwa kuongea sentensi nzima apunguze mwendo. Wiki ya kawaida iwe na siku mbili ngumu tu: Jumanne kilima, labda kule Mikindani, kupanda sekunde 45 mara 8 na kushuka ukitembea, Ijumaa mita 1,000 mara 5, mapumziko dakika 3. Jumapili mbio ndefu, dakika 70 hadi 80, polepole. Siku nyingine nyepesi, na moja ya kulala.

SOMOE: Mchanga je? Njia zetu nyingi ni mchanga.

HAMISI: Mchanga tifutifu unachosha vigimbi na kuvuta mshipa wa kisigino. Mgeni apewe dakika 15 tu mara ya kwanza, zilizobaki akimbie kwenye udongo mgumu. Ufukweni subirini maji yakupwe, mkimbie kwenye mchanga uliolowa, na mrudi njia ile ile, kwa sababu ufukwe umeinama na mguu mmoja unabeba zaidi.

SOMOE: Kuna jambo walimu wanaotoka mikoa mingine hawalijui. Kuanzia Juni wakulima wanapulizia salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Wanapulizia alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, ili vumbi lishike. Ndiyo saa yenu ya mazoezi.

HAMISI: Vumbi lile linawasha macho na kubana kifua, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa hapo hapo. Ukiona ukungu wa njano kati ya mikorosho, geuza kikosi. Afadhali msimu huo mazoezi yahamie barabarani au ufukweni, au mwalimu apite kwa wenye mashamba aulize siku zao. Halafu Novemba hadi Machi tatizo ni joto: muanze saa 11:30 alfajiri, na siku ngumu mkubali muda uwe mbaya. Joto na unyevu vinapandisha mapigo ya moyo. Ukilazimisha muda wa Juni utapata wagonjwa.

SOMOE: Upande wa wanawake. Tangu mashindano ya dunia ya Kampala, 2017, wanawake wakubwa wanakimbia 10 km sawa na wanaume. Lakini bado kuna vyuo vinawapa nusu ya mazoezi, kisha wanashangaa mabinti wanakata pumzi kilomita ya 6.

HAMISI: Na kuna upungufu wa damu. Binti anayechoka bila sababu, muda wake unazidi kuwa mbaya wiki hadi wiki, apimwe wekundu wa damu kabla hajaitwa mvivu.

SOMOE: Hasa. Chakula kinasaidia: dagaa, maharage, kisamvu, na ukamulie ndimu au ule embe, maana vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi isinywewe na mlo huo, inayazuia. Iachwe saa moja au mbili. Na akikosa hedhi miezi mitatu, kama si mjamzito, mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyokimbia. Mifupa inadhoofika, ugoko unapata ufa. Apunguziwe kilomita, aongezewe chakula, aende hospitali. Timu iwe na mlezi wa kike wa kuongea naye haya.

HAMISI: Mwisho, uwanja. Tengenezeni mzunguko wa mita 2,000. Mara 5 ni 10 km. Kama hamna gurudumu la kupimia, fungeni kitambaa kwenye spoku ya baiskeli, msukume hadi gurudumu lizunguke mara 10, mpime umbali huo kwa futi kamba, mgawe kwa 10. Ukipata mita 2.1, zile mita 2,000 ni gurudumu kuzunguka kama mara 952.

SOMOE: Na siku ya mashindano?

HAMISI: Mita 400 za kwanza ndizo zinazoua timu. Wa tatu, wa nne na wa tano waanze pamoja, waonane mabega hadi kilomita ya 6. Baada ya hapo, mwenye nguvu aachiwe aende.