Kupiga Picha za Viumbe wa Matumbaweni: Tuanzie Mazoezi Ziwa Kivu

Ndugu watazamaji, karibuni Goma. Ziwa letu la Kivu halina matumbawe, kwani hayo ni ya baharini, lakini anayetaka kwenda visiwa vya Mnemba au Mafia, kule Tanzania, kupiga picha za pono na kasa hana budi kuizoea kamera huku nyumbani kwanza, badala ya kujifunzia kule ambako kila mzamio unalipiwa kwa bei ya watalii.

Tunaanza na kasha la kamera, yaani sanduku lisilopitisha maji ambamo kamera hukaa. Tazameni mpira huu mwembamba wa duara unaoziba mlango wake. Ninautoa kwa kidole, wala si kwa kisu, ninaufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha ninaupaka grisi ya silikoni kidogo tu, mpaka ung'ae, kwa sababu grisi ikizidi hunasa mchanga. Vumbi la lava hapa mjini linajulikana, kwa hiyo kazi hii ifanyieni ndani ya nyumba. Kamera yangu ya kwanza iliharibiwa na unywele mmoja uliolala chini ya mpira kama huu. Tangu siku hiyo ninalizamisha kasha likiwa tupu kwenye beseni la maji, na nikiona mapovu yanatoka mfululizo, siingii nalo ziwani.

Sasa twende majini, tukiwa na mwalimu na mwenzetu wa kuzamia. Chagueni ufuko ulio wazi, kwa maana kwenye mabonde ya kando ya ziwa mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, hujikusanya, na hewa hiyo huua bila kutoa harufu. Kumbukeni pia kwamba Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya kuzamia, yale yanayoonyesha mzamiaji akae muda gani kwenye kina gani, yaliyotungwa kwa ajili ya baharini ni lazima yarekebishwe.

Zoezi lenyewe ni hili: tafuteni jiwe la lava kwenye kina cha mita tatu au nne, mwelee juu yake kwa umbali wa mkono mmoja bila kuligusa. Mkivuta pumzi mwili unapanda kidogo, mkiitoa unashuka. Msizuie pumzi kamwe ili eti picha isitikisike, kwani hewa ya mtungi hutanuka mnapopanda na inaweza kupasua mapafu. Rudieni mpaka mikono iwe huru kwa ajili ya kamera peke yake. Teke moja la pezi la mguuni huvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Mkifika baharini ongezeni vipande vya risasi vya kuongeza uzito kwenye mkanda wa kiunoni, kwa kuwa maji ya chumvi huinua mwili zaidi.

Tukiwa matumbaweni, adui wa picha ni maji yenyewe. Rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza, ndiyo maana samaki mwekundu huonekana wa kijivu, na kila chembe iliyo kati yenu na kiumbe hugeuka doa jeupe flashi inapowaka. Dawa ya kwanza ni kumsogelea kiumbe, umbali wenu naye usifike mita moja. Flashi ziwekeni mbali na lenzi, zikielekea nje kidogo, ili zisiziangaze chembe hizo.

Chukueni mfano wa mkunga, samaki mrefu kama nyoka, aliyetoa kichwa pangoni. Kinywa kinafunguka na kufunga, na wengi hudhani anatisha, kumbe anapumua. Msimfuate moja kwa moja. Shukeni mpaka usawa wa macho yake, sogeeni kwa upande, mtulie apumue mara kadhaa, kisha mlenge jicho na kubonyeza kinywa kinapofunguka. Akirudi ndani, mwacheni; kumchokoa kwa kijiti ili atoke ni utovu wa adabu, na meno yake hayana mchezo.

Mkitoka, lisuuzeni kasha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi huku mkibonyeza vitufe vyote, mlikaushe, na mlango ufungueni ukiwa umeelekea chini ili matone yasidondokee kamera.