Kubuni sasipenshi ya nyuma ya amu nne kwa gari la porini

Karibuni mafundi, karibuni wenye magari. Gari mnaloliona mbele ya kamera ni Land Cruiser mkonga ya chasisi fupi, imesimama juu ya stendi nne hapa Tabora mjini. Tunaondoa springi za nyuma, zile za vyuma vilivyopangwa na kubanwa kwa yubolti, na mahali pake tunabuni mfumo wa amu nne, yaani mikono ya chuma inayounganisha ekseli na chasisi, na koili, yaani springi za kuzunguka. Sehemu kubwa ya video hii utaona chaki, futi na timazi. Grenda itawashwa baadaye kabisa, na kuna sababu.

Kabla ya yote, jiulize kama gari lako linahitaji kazi hii. Kama linabeba tani ya tumbaku kila siku na kukimbia kwenye lami, liache na springi zake. Springi ya kiwandani inafanya kazi mbili kwa pamoja: inabeba uzito, na inashika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Koili inabeba uzito tu. Kushika ekseli kote kunabaki kwa amu, kwa hiyo ukikosea vipimo vya amu umekosea gari zima. Anayefaidika ni anayeingia njia za mizinga ya nyuki huko Sikonge na Kaliua, anayepanda juu ya visiki na kuvuka mbuga wakati wa mvua, pale ambapo mifereji iliyochimbwa na matrekta inanyanyua gurudumu moja na kuliacha la pili likizunguka hewani. Hapo springi ngumu haifuati ardhi. Tena ukikanyaga mafuta kwenye gia ya lo, inajipinda kama herufi S, gurudumu linarukaruka, na inayovunjika ni krosi ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli.

Hatua ya kwanza ni kupima uzito. Peleka gari kwenye mizani, pandisha ekseli ya nyuma peke yake, andika namba. Hili la kwetu linasoma kilo 1,100 bila mzigo. Toa uzito wa vitu visivyobebwa na springi, yaani ekseli, difu, matairi na breki: tumeweka kilo 220. Zinabaki 880, kila koili itabeba 440. Hiyo namba iandike ukutani, tutairudia.

Sasa chaki. Gari likiwa sakafuni sawasawa, kwenye kimo unachotaka litembee nacho, shusha timazi kutoka katikati ya kila ekseli na uweke alama. Kwetu kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 2,600. Tairi lina kipenyo cha 840, na katikati ya ekseli iko 405 kutoka chini, kwa sababu tairi lililobeba uzito linabonyea kidogo. Ukichukua nusu ya kipenyo moja kwa moja utapata 420, na kosa litaingia kwenye kila mstari unaofuata. Halafu chora ubavu wa gari sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Usichore kwenye karatasi ndogo: unene wa kalamu tu unaweza kukudanganya milimita kumi.

Angalieni mchoro. Mstari huu wa chini ni amu ya chini. Upande wa ekseli iko kimo cha 370, upande wa chasisi iko 470, na mbele inafika 900 kutoka ekseli. Mstari wa juu ni amu ya juu. Kwenye ekseli iko 580, kwa hiyo nafasi kati ya amu mbili kwenye ekseli ni 210, robo ya kipenyo cha tairi. Usishuke chini ya robo. Nafasi ikiwa ndogo, nguvu inayotaka kuzungusha ekseli inakuwa kubwa mno kwa breketi, yaani vishikio vya bati vinavyobeba ncha za amu, na boliti, na hapo ndipo breketi hupasuka kwenye ukingo wa weldingi. Upande wa chasisi amu ya juu iko kimo cha 590, na inafika 680 mbele ya ekseli, kama robo tatu ya ile ya chini.

Endelezeni mistari yote miwili kuelekea mbele hadi ikutane. Kwa vipimo hivi inakutana milimita 2,178 mbele ya ekseli ya nyuma, kimo cha 612. Kutoka pale tairi la nyuma linapogusa ardhi, vuta kamba ipite kwenye nukta hiyo ya makutano, uiendeleze hadi juu ya ekseli ya mbele. Kamba inafika kimo cha 730. Gawanya hiyo kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Kukadiria kitovu, mafundi wengi hutumia kimo cha boliti za juu zinazounganisha injini na gia boksi. Hapa ni 800. Jibu ni asilimia 91, na ndiyo antiskwati yetu.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo magari mengi ya kubuni yanapoharibikia. Antiskwati inakwambia nyuma ya gari itafanya nini ukikanyaga mafuta. Ikiwa 100, haishuki wala hainyanyuki. Ikiwa ndogo sana, nyuma inakaa chini, na ukipanda mlima uzito wote unaegemea huko wakati pua inakuwa nyepesi. Ikizidi sana 100, nguvu ya injini inasukuma mwili wa gari juu, shokapu zinanyooka, tairi linashika, linaachia, linashika tena. Ule mtetemo wa kurukaruka kwenye kilima cha mawe mara nyingi ni huo, wala siyo shokapu mbovu kama watu wanavyodhani wakaenda kununua mpya.

Kwa gari la mwendo wa polepole porini, lenga kati ya 60 na 100. Lakini kitovu cha uzito umekikadiria tu, kwa hiyo jiachie nafasi ya kurekebisha. Breketi ya amu ya juu upande wa chasisi itobolewe matundu matatu, yakipishana milimita 30. Tundu la katikati linatupa 91. Ukihamia la juu, antiskwati inashuka hadi 66. Ukihamia la chini, inapanda hadi 117. Mnaona: milimita 30 tu, na tabia ya gari inabadilika kabisa. Ndiyo maana hatupendi breketi ya tundu moja iliyochomelewa kwa kukadiria kwa jicho.

Sasa tutazame gari kutoka juu. Amu nne zikiwa sambamba zote, hakuna kinachozuia ekseli kwenda kushoto na kulia. Kwa hiyo za juu tunazifanya zikaribiane zinapofika kwenye ekseli: upande wa chasisi kila moja iko 400 kutoka mstari wa katikati, upande wa ekseli iko 130. Kila amu inalala nyuzi (digrii) karibu 22, jumla ya pembe kati yao inakuwa 43. Isipungue 40, la sivyo kwenye mteremko wa ubavu utasikia ekseli ikihama, na bushi, zile raba za kwenye ncha za amu, zitaisha mapema. Amu za chini zifungue kidogo kuelekea ekseli, kutoka 400 hadi 480. Pima yote kutoka katikati ya chasisi. Difu nyingi hazikai katikati, ukiipima kutoka kwenye difu unajenga gari lililopinda.

Kwa hiyo urefu kati ya matundu: amu za chini 909, za juu 732.

Vyuma. Amu za chini zinagonga visiki, zipewe bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo 50, unene 6. Za juu 45 kwa 6 zinatosha. Bomba la maji hapana, hata kama limejaa stoo: chuma chake ni laini na mshono wake hupasuka amu ikipinda. Breketi za ekseli bati la 6, za chasisi la 8. Boliti za M16 zenye alama 10.9 kichwani. Na chagua boliti ambayo sehemu isiyo na uzi ndiyo inayokaa ndani ya breketi. Uzi ukikaa kwenye tundu unakula tundu, linakuwa yai, na baada ya hapo hakuna kukaza kutakakosaidia.

Kwenye ncha, tunaweka bushi za mpira upande wa chasisi na jointi za goroli upande wa ekseli. Ukiweka mpira kote, amu zinabana gari likijipinda. Ukiweka jointi za goroli kote, mchanga wa njia zetu unazimaliza na kelele zinaingia ndani ya gari. Amu za juu ziwe na uzi wa kurekebisha urefu, wa kulia ncha moja na wa kushoto ncha nyingine, ili uzungushe bila kufungua. Uzi uingie ndani angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake. Uzi wa 24 uingie 36.

Kuchomelea. Toa vichwa vya betri kwanza. Toa shafti za magurudumu na umwage oili ya difu, kwa sababu joto litaunguza sili. Daraja linaloshika amu za juu linakaa mgongoni mwa ekseli, na ukilichomelea kwa mkupuo mmoja nyumba ya ekseli inapinda. Choma vipande vya milimita 40 hadi 50, kulia, kushoto, nyuma, mbele, na usubiri hadi mkono uweze kugusa. Tumia welding rodi za 7018, za 3.2, zilizokaushwa. Rodi iliyolala kwenye unyevu wakati wa mvua inaacha vitundu ndani ya mshono ambavyo macho hayavioni. Kwenye chasisi, weka kwanza bati la kuimarisha lenye ncha zilizokatwa mshazari, kisha breketi juu yake. Usichomelee mshono wa wima unaokata chasisi kutoka juu hadi chini, hapo ndipo itakatikia.

Kila kitu kishikiliwe kwanza kwa nukta tu. Pima mshazari, kutoka breketi ya kushoto ya ekseli hadi tundu la chasisi la kulia mbele, halafu kinyume chake. Tofauti isizidi milimita 3.

Hatua inayorukwa na watu wenye haraka ni hii: kuzungusha ekseli bila koili. Weka jeki mbili, moja kila upande. Panda hadi 120 juu ya kimo cha kawaida, shuka hadi 130 chini yake, kisha upande mmoja juu na mwingine chini kabisa. Daraja la ekseli libaki na nafasi isiyopungua 25 kutoka kwenye sakafu ya gari na tangi la mafuta. Tazameni hapa upande wa kulia, bomba la ekzosi linakaribia amu ya juu. Hili lazima lihamishwe sasa. Angalia propela: ekseli ikiwa chini kabisa isichomoke kwenye mtelezo wake, ekseli ikiwa juu kabisa ibaki na nafasi ya 25 kabla ya kugonga. Hozi ya breki isivutike, kebo ya hendibreki pia. Na ile vali ya breki za nyuma inayovutwa na kirodi kutoka kwenye ekseli, ipo kwenye Land Cruiser nyingi, irekebishe upya. Usipofanya hivyo inadhani gari limebeba au halijabeba mzigo, na breki za nyuma zinabana kupita kiasi au hazibani.

Turudi kwenye ile 440. Koili ya kilo 3 kwa kila milimita itabonyea 147. Ongeza mzigo wa kilo 400 juu ya ekseli, kila upande 200, itashuka 67 zaidi, na katika zile 120 za kupanda zinabaki 53 kabla ya kugonga raba. Inakubalika. Ukichagua laini ya kilo 2.2, mzigo uleule unashusha 91, zinabaki 29, na kila shimo utaligonga. Ukichagua ngumu ya kilo 4, inabonyea 110 tu, wakati ekseli inashuka 130: gurudumu likining'inia, koili inaachia kikombe chake na inaweza kudondoka njiani. Raba ya kugongea iguse kabla shokapu haijafika mwisho, na mkanda wa kuzuia unyooke kabla shokapu haijanyooka. Shokapu isitumike kama stopa.

Rekebisha amu za juu hadi uso wa pinioni, pale propela inapoingia kwenye difu, uwe sambamba na uso wa transfa, pale propela inapoanzia, tofauti isizidi digrii moja. Pimamaji inayosoma digrii inatosha. Shusha gari sakafuni, litikise, kisha ndipo ukaze boliti za bushi. Ukizikaza gari likining'inia, mpira unajipinda muda wote na utachanika mapema.

Piga mstari wa rangi kutoka nati hadi breketi. Tembea kilomita 200 bila mzigo, rudi, angalia mistari ile, kaza upya. Baada ya hapo gari liende kwa mkaguzi wa magari wa polisi, na bima waarifiwe kwamba sasipenshi imebadilishwa, kabla halijapakiwa ndoo hata moja ya asali.