Uchafu Uliogeuka Kichocheo

Kopo hili la plastiki mnaloliona mezani lina maji yenye potasiamu haidroksaidi. Msilitie kidole. Tone lake likikugusa utahisi utelezi kama wa sabuni, na ni sabuni kweli: alkali imeshaanza kuyageuza mafuta ya ngozi yako.

Ndani kuna vipande viwili vya wavu wa nikeli. Nawasha umeme. Upande wa hasi mapovu yanapanda kwa fujo, hiyo haidrojeni. Upande wa chanya ni nusu yake, oksijeni, na shida yetu yote iko huko.

Kwa hesabu, volti 1.23 zinatosha kuyatenganisha maji. Viwandani huhitajika kama 1.8 hadi 2, na sehemu kubwa ya ziada hiyo huishia kuwa joto. Kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, hakiigusi ile 1.23, maana sheria ya maumbile haihongeki; kinapunguza ziada tu. Molekuli moja ya haidrojeni hudai elektroni mbili. Ya oksijeni hudai nne zing'olewe moja baada ya nyingine, ndiyo maana inasuasua.

Mtauliza, kwa nini tuhangaike na alkali? Kwa sababu kwenye asidi, upande wa oksijeni, tegemeo ni iridiamu, metali adimu mno. Kwenye alkali nikeli hudumu miaka. Bei yake ni kwamba haidrojeni nayo hutoka polepole zaidi, hata juu ya platini, kwani inabidi molekuli ya maji ivunjwe kwanza.

Sasa kisa chenyewe. Watafiti waliona elektrodi za nikeli, yaani vipande vinavyopitisha umeme majini kama nyavu hizi, zikizidi kufanya kazi vizuri kadiri zilivyolowekwa kwenye alkali, wakadhani nikeli inajipanga upya. Mwaka 1987 mtafiti Dennis Corrigan akaonyesha kwamba chembe chache tu za chuma zilizojipenyeza zinabadilisha mambo kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, wakaisafisha alkali kwa unga wa haidroksaidi ya nikeli, ambao hukamata chuma. Nikeli ikalowekwa humo, na utendaji wake haukupanda. Sifa zote za miaka ile zilikuwa za uchafu!

Hata hivyo chuma peke yake si shujaa: oksaidi yake haipitishi umeme vizuri, inahitaji nikeli iwe mwenyeji wake. Namna hasa wanavyosaidiana, wanakemia bado wanabishana, na mabishano yenyewe ni matamu.

Ndiyo sababu nimeleta kopo la plastiki. Alkali huila glasi taratibu, na glasi nayo huachia chuma. Hii nimeisafisha tangu juzi. Mkondo wa umeme nimeukaza usibadilike, kwa hiyo tutazame volti tu. Nadondosha tone moja la maji yenye chumvi ya chuma. Tusubiri kidogo.

Wewe uliyekaa mbele, hebu tusomee voltimita. Inashuka?