Mlango wa Mtu kwenye Nyumba Yako

Asalaam aleikum. Walimu wangu, masharifu, nanyi vijana mliobanana pale nyuma, karibuni. Nimeombwa nizungumzie mpaka ulioko kati ya kuvutiwa na kazi ya mtu na kuiiba. Nitaanza na wizi wangu mwenyewe. Wa wengine mtauona mkifungua simu zenu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Jioni nilikuwa nikishinda barazani Kibokoni, hapa Mombasa, kwa mzee mmoja, mvuvi aliyeacha ngalawa kwa sababu ya magoti. Hakuwa na diwani ya mashairi wala daftari, alikuwa na birika la kahawa chungu na mashairi kichwani. Siku moja nikaja na shairi langu la harusi, nikalighani kifua mbele. Kibwagizo chake kilikuwa hiki:

*Mapenzi hayana deni, yakitwaa hurejesha.*

Watu wakanisifu. Mzee akanyamaza, akamaliza kikombe chake, ndipo akasema: "Mwanangu, nyumba umeijenga weye. Mlango ni wangu." Akaghani mshororo wake, ambao nilikuwa nimeusikia miezi kadhaa nyuma, nikasahau hata kwamba niliusikia:

*Bahari haina deni, ikitwaa hurejesha.*

Hesabuni mizani, yaani silabi: nane kwa nane, haikupungua hata moja. Nilichofanya ni kung'oa nomino na kupachika nyingine. "Haina" ikawa "hayana", "ikitwaa" ikawa "yakitwaa", sarufi ikanifanyia kazi iliyobaki. Kiswahili kina mtego huo. Ukibadili kichwa, kiwiliwili chote kinageuka, na mwizi akajiona ameumba mnyama mpya.

Wallahi sikukusudia. Lakini kilichoniuma ni swali alilonitupia wakati wa kuagana: "Na ni mapenzi gani hayo yarejeshayo?" Bahari hurejesha kweli. Maji yakijaa huchukua ndara, kasia, hata mtu, na yakipwa utakuta vimetupwa ufukweni. Mzee alijua kwa nini neno "hurejesha" limekaa pale. Mimi nilikuwa nalo kwa kuwa kina chake kilinikalia vizuri mdomoni.

Tangu siku hiyo, nikiitwa kuamua mashindano ya ushairi, sihangaiki sana kuwinda maneno yanayofanana. Namuuliza mtunzi kwa nini kachagua neno hili, akaacha lile. Mwenye neno hujibu, hata kama kwa hasira. Mwazimaji huanza kuangalia dari. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa swali hilo nimeona mengi. (Kicheko.)

Sasa, msinielewe kwamba nakataza kuazima. Sisi wa Mombasa tutakataza kwa uso gani? Taarabu yetu imekunywa mahadhi ya filamu za Kihindi miaka na miaka. Mwimbaji Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alisifika kwa hilo. Mtu alitoka sinema na wimbo masikioni, akaenda harusini akausikia umevaa maneno ya Kiswahili, akafurahi mara mbili. Hakuna aliyedanganywa mahadhi yametoka wapi. Je, mtunzi wa kule Bombay angefurahi naye? Hilo ni deni jingine, na sitajifanya kwamba limelipwa kwa sababu tu sisi tulicheza.

Lakini mfano mzuri zaidi tunao nyumbani, nao ni takhmisa. Jina latokana na "khamsa", tano kwa Kiarabu. Unachukua maneno ya mshairi mwingine, unayaacha yalivyo, kisha unayatangulizia mishororo mitatu yako mpaka ubeti uwe wa mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliyafanyia hivyo maneno ya Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani yetu. Fikirini ugumu wake: mishororo yako mitatu imesimama bega kwa bega na ya fahali, kila msikilizaji anajua ipi ni ya nani. Ukiwa dhaifu, unaonekana hapo hapo. Mwizi hawezi kutunga takhmisa, maana yeye anaomba dua asitambuliwe, na takhmisa bila kutambuliwa haina ladha.

(Kijana mmoja akauliza: "Kwa hivyo Mwalimu, nikitaja jina la mwenyewe, yatosha?")

Haitoshi kila mara. Ukichapa kitabu kizima cha mtu ukaandika "ahsante fulani", umemwibia kwa heshima tu. Hapo ndipo sheria huingia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo. Bahari na deni ni vya kila mtu, tungeni hadi mchoke. Inalinda maneno yenyewe, tena yakishaandikwa au kurekodiwa, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Sasa tazameni: mshororo wa mzee wangu haukuwa popote ila kinywani mwake. Kisheria, hakuwa na la kunishtaki. Na Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, mashairi yake yaliishi midomoni mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya. Leo yeyote aweza kuyachapa na kuyauza. Ila tia jina lako chini ya ubeti wa Muyaka, uone utaitwa nani hapa Mji wa Kale, ingawa hutapelekwa mahakamani.

Akina mama wanalijua hili kuliko sisi. Nendeni Mtaa wa Biashara kwenye leso (kanga) za Kaderdina Hajee Essak, biashara ya tangu 1887. Jina la leso, yale maneno ya mafumbo, hakuna anayeuliza kayatunga nani. Lakini watazameni wanavyolitafuta lile chapa la duka, "Mali ya Abdulla", kabla ya kutoa pesa.

Washairi nao walikuwa na chapa lao: kaditama, yaani ubeti wa mwisho, ambamo mtunzi hutia jina lake na kwao. Siku hizi shairi likiingia WhatsApp, huo ndio ubeti wa kwanza kukatwa.

Nimalizie ya mzee. Baada ya wiki mbili nilirudi barazani na takhmisa juu ya ule mshororo wake. Akaisikiliza, akanirekebisha kina kimoja, akanimiminia kahawa. Kisha akataka tuighani tena kutoka mwanzo. Mitatu yangu nikaghani mimi, na tulipofika kwenye bahari akanizuia kwa mkono, akaghani mwenyewe.