Gwanda Halikuombei Nafasi

Mhadhara uliotolewa Killeen, Texas, mbele ya wanajeshi na maveterani wanaozungumza Kiswahili

Shikamooni wazee, vijana hamjambo. Asanteni kwa kuja. Naona wengine mmetoka zamu ya usiku mkaunganisha moja kwa moja, kwa hiyo sitawaweka mpaka giza liingie.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuomba shule ya udaktari hapa Marekani ukiwa umepitia jeshini na umri umesogea. Mimi nilikuwa askari wa tiba, 68W, nikafundishwa pale Fort Sam Houston kama wengi wenu, kabla ya kuwa daktari. Tangu wakati huo nimesoma rasimu nyingi za maombi ya wenzetu, na hoja yangu ni moja tu. Gwanda litakufanya usikilizwe, lakini halitakupitisha. Kamati za udahili zinawaheshimu askari, tena zinawatafuta. Zikishamaliza kuheshimu, zinafungua ukurasa wa alama za kemia.

Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 huomba shule za M.D., yaani za shahada ya udaktari, nchi nzima, na wanaoingia ni kama 23,000. Wastani wa umri wao ni miaka 24 hivi. Wewe una 33, una mke, una watoto, na goti linakukumbusha kila baridi ikiingia. Umri wenyewe usikutie hofu, kwani shule za kiraia hazina kikomo cha umri. Shida ni kwamba alama zako mbaya za zamani bado zipo, na hazikustaafu pamoja nawe.

Wengi wetu tulianza chuo tukiwa na miaka 19, huku tunafanya kazi za usiku kwenye nyumba za wazee ili tulipe kodi na tutume kitu nyumbani. Matokeo yake ni D ya kemia, kozi mbili zilizoachwa katikati, na hapo ndipo ofisa wa kuandikisha jeshi akaonekana mtu wa maana sana. Basi jueni kwamba AMCAS, mfumo ambao shule nyingi za M.D. hupokelea maombi, unataka rekodi za kila chuo ulichowahi kukanyaga. Ukirudia somo, alama zote mbili zinahesabiwa, ya zamani na mpya. Usifiche chuo. Watakikuta.

Ila Texas ina jambo lake. Shule za umma za hapa zina mfumo wao wenyewe, TMDSAS, na sheria ya jimbo inaruhusu kitu kinaitwa Academic Fresh Start: mkazi wa Texas anaweza kuomba masomo yenye umri wa miaka 10 au zaidi yasihesabiwe. Lakini yanaondoka yote, mazuri na mabaya. Huwezi kutupa D ya kemia ukabaki na A ya historia. Na ukiomba kupitia AMCAS, zile alama zinarudi mezani kama kawaida. Kwa hiyo kaa na kalamu, piga hesabu kabla ya kutia sahihi. Kumbuka pia kwamba shule hizi za umma zinatakiwa kutenga angalau asilimia 90 ya nafasi kwa wakazi wa Texas. Kama umeletwa hapa na jeshi na kwenye karatasi bado wewe ni mtu wa Maryland, ukazi wako ni jambo la kushughulikia mapema, si mwezi wa kuomba.

Wapo pia waliokuja na shahada kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa. Hapa naomba nisizunguke. AMCAS haihakiki masomo ya vyuo vya nje, na shule nyingi zinataka angalau krediti 90 kutoka chuo cha Marekani au Kanada. Shahada yako ni halali, jasho lako ni halali, ila baiolojia, kemia, kemia ya kaboni (organic chemistry) na fizikia, pamoja na maabara zake, itabidi uzisome hapa. Inauma. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakikaa darasa moja na watoto wa miaka 18 pale Central Texas College, na mara nyingi ndio waliokuwa wakiwafundisha hao watoto.

Sasa fedha. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

GI Bill ya baada ya 9/11, yaani fedha za serikali za kuwasomesha waliotumikia jeshi, ni miezi 36. Mwaka wa chuo ni kama miezi tisa, kwa hiyo miezi 36 ni miaka minne ya masomo. Shahada ya kwanza ni miaka minne. Udaktari ni miaka minne. Mnaona tatizo liko wapi. Mtu anatoka jeshini, kodi ya nyumba inamsubiri, na ile posho ya makazi inalipwa kwa kiwango cha sajenti wa E-5 mwenye familia. Inavutia, na simlaumu yeyote aliyeigusa. Lakini ukiimaliza kwenye shahada ya kwanza, ambayo ungeweza kuilipia kwa njia nyingine, utaingia shule ya udaktari mikono mitupu, na huko ndiko ada inakotisha. Shule nyingi za binafsi hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, ilhali GI Bill kwa shule ya binafsi ina kikomo cha karibu dola 30,000 kwa mwaka. Pengo hilo huzibwa na Yellow Ribbon, pale tu shule imejiunga na mpango huo na imetenga nafasi. Kwenye shule ya umma, kwa mwenye haki ya asilimia 100, inalipa ada yote ya mkazi.

Kwa hiyo wewe ambaye bado umevaa gwanda, soma sasa. Tuition Assistance, msaada wa ada kwa askari aliye kazini, inalipa hadi dola 250 kwa kila krediti, na haigusi GI Bill yako hata kidogo. Ukishatoka, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu: veterani anahesabiwa kama mtu anayejitegemea hata kama hajafika miaka 24, hivyo mapato ya wazazi hayaulizwi, na Pell Grant, ruzuku isiyorudishwa, inaweza kulipa sehemu kubwa ya ada ya chuo cha jamii. Na kama ulijiunga na jeshi ukiwa hapa Texas, ipo sheria ya Hazlewood, krediti hadi 150 bila ada kwenye vyuo vya umma vya jimbo, pale ambapo fedha za serikali kuu zimekwisha au hazitoshi. Nasisitiza kujiunga ukiwa Texas. Kuna waliojiandikishia Boston wakahamia hapa kwa sababu ya kituo, wanadhani wamo. Hawamo.

Wenye ulemavu uliotambuliwa na VA, idara ya maveterani, kuanzia asilimia 10, waulizie pia VR&E, mpango wake wa kuwaandaa watu kwa ajira. Nawaonya tu kwamba si kila mshauri wa huko atakubali udaktari uwe lengo lako la ajira, na mtajadiliana. Na wale waliotoka jeshini kuanzia Januari 1, 2013, wanaoamini GI Bill yao imeshakufa kwa kupitwa na muda: haijafa. Sheria ya mwaka 2017 iliondoa ule ukomo wa miaka 15 kwenu. Mwaka 2024 pia, kwenye kesi ya Rudisill, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ambaye utumishi wake unampa haki ya GI Bill mbili, ya Montgomery na ya baada ya 9/11, anaweza kuzitumia zote hadi miezi 48. Mliojiandikisha upya baada ya kutoka, someni uamuzi huo kwa makini.

MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, nitaipita haraka kwa sababu hakuna siri. Alama zinaanzia 472 hadi 528, mtihani unachukua siku nzima, na sehemu ya ufahamu inawasumbua sana watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya tatu. Dawa yake ni kusoma makala ndefu kila siku kwa miezi mingi. Usiufanye kabla hujawa tayari eti uone hali ikoje. Alama inabaki kwenye rekodi.

Twende kwenye insha. AMCAS inakupa herufi 5,300, nafasi zikiwemo. Nikisoma rasimu za askari wetu nakuta magonjwa mawili yanayopingana ndani ya mtu mmoja. La kwanza ni la nyumbani: tumelelewa kwamba mtu hajisifu, husifiwa, basi kila sentensi ni "kikosi chetu", "sisi", na msomaji anafika mwisho hajui wewe ulifanya nini. La pili ni la jeshini, la zile ripoti za tathmini za NCO, yaani masajenti: "Niliwajibika kwa vifaa vya dola milioni 2 bila upotevu, nilifundisha askari 40, wote wakafaulu." Kamati ya udaktari haiajiri mtunza ghala.

Chukua mfano. Tuseme askari kijana anakuja kila Jumatatu asubuhi, mgongo unamuuma. Mara ya kwanza unampa dawa ya jeshi, mnaijua wote: aibuprofeni, kunywa maji, badilisha soksi. Naona mnacheka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu unafunga mlango na kumwuliza nyumbani kukoje, anakaa kimya, kisha analia. Andika hapo. Uliona nini usoni mwake, kwa nini ulifunga mlango, ulimwambia nani, nini hukuweza kukifanya kwa sababu hukuwa daktari. Hapo huhitaji kujisifu, na huwezi kujificha nyuma ya kikosi, maana mlikuwa wawili chumbani. Na vifupisho vyote vya jeshi vitoe. Anayesoma ni profesa wa patholojia ambaye hajui NTC ni nini na hana muda wa kuitafuta.

Barua ya kamanda ni nzuri ikiwa kamanda anakujua kazini. Barua ya jenerali aliyekupa mkono mara moja haina uzito wowote. Shule nyingi zinataka walimu wa sayansi, kwa hiyo kaa viti vya mbele, nenda ofisini kwao.

Kwenye usaili kuna watakaokuuliza kuhusu vita, na pengine mmoja atauliza lile swali lisilofaa kuulizwa. Huna deni la kumsimulia mtu damu ili akupe nafasi. Andaa jibu fupi, la heshima, kisha rudi kwa mgonjwa.

Wengine watakwambia, "Kwa nini usiwe PA tu?", yaani daktari msaidizi. Ni swali la haki. Taaluma hiyo ilianzishwa na watu wa aina yetu: mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Duke kilianza na wanafunzi wanne, wote waliowahi kuwa matabibu wa jeshi la majini. Ni njia fupi na yenye heshima. Ikiwa inakufaa, ichukue bila kuona umeshindwa. Mimi sikuichukua kwa sababu nilitaka upasuaji, na nilitaka kuwa mwenye kisu.

Kwa wanaotaka kubaki jeshini, pale Bethesda kuna chuo cha udaktari cha majeshi, USUHS. Hakuna ada, unalipwa mshahara wa ofisa, na ukiwa na zaidi ya miaka minne ya uaskari wa kawaida unalipwa kwa kiwango cha O-1E, cha ofisa mpya aliyetokea uaskari wa kawaida. Kwa upande wako, unadaiwa angalau miaka saba ya kazi, na mafunzo ya ubingwa hayaifuti. Kipo pia EMDP2, mpango wa miaka miwili unaowaandaa askari wa kawaida kwa masomo hayo, kilichoanza mwaka 2014. Uraia ni sharti. Waliokuja kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha jeshini wasio raia wenye ujuzi maalumu, ambao Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zake hadi uliposimamishwa mwaka 2016, wengi mmeshaupata. Wengine malizeni hilo kwanza.

Jambo la mwisho kabla ya maswali ni Kiswahili. Fort Worth, Houston na Abilene kuna familia za Kikongo na Kirundi zinazokwenda kliniki na watoto wao wa darasa la nne ndio wanaotafsiri maradhi ya mama. Soma yale mafunzo ya ukalimani wa tiba ya saa 40, upate cheti, ufanye kazi hiyo hata kwa Jumamosi mbili kwa mwezi. Usiingie tu kwa sababu unajua lugha. Kutafsiri "presha" na "sukari" ni rahisi. Kumweleza bibi idhini ya upasuaji si rahisi.

Nitakuwa pale mezani mpaka wafunge ukumbi. Mwenye rekodi zake za chuo na DD-214, ile hati ya kutoka jeshini, aje nazo tuzitazame. Dada mwenye kilemba cha kijani, umenyoosha mkono tangu nilipotaja Hazlewood. Mpeni kipaza sauti.