Ziwa la huku nalo lina visirani vyake

Mwadila, wana Mwanza! Hapa Buffalo, New York, Marekani ni saa moja asubuhi, kwenu saa tisa alasiri. Hiyo nyeupe nyuma yangu si pamba ya Kwimba. Ni gari langu.

Mama mdogo wa Kirumba kanipigia jana: "Unalia theluji, mbona binamu yako wa Texas yuko na kaptula?" Mama, nchi hii ni kubwa. Angalia ramani yao ya utabiri ya siku mbili: magharibi mvua, ila juu ya milima ya Sierra Nevada inashuka theluji. Kusini joto lenye unyevu la Ghuba ya Mexico linagongana na baridi. Huko ni radi, mvua ya mawe, pengine hata tornado, ule upepo mkali wa kuzunguka. Halafu kuna sisi wa maziwani.

Ziwa Erie la hapa lina tabia kama Victoria yetu. Kwetu usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unaelekea ziwani kutoka kila upande, hewa inapanda, na radi inawakuta wavuvi wa dagaa alfajiri wakiwa bado na taa zao majini. Huku upepo wa baridi kali unapita juu ya maji ambayo bado yana joto, unabeba unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga. Tena unaumwaga kwenye mkanda mwembamba! Novemba 2022 Orchard Park, hapo jirani tu, walipata theluji ya karibu mita 2 kwa siku chache. Hiyo ni mlango mzima. Kaskazini ya jiji walipata pungufu kabisa ya hapo.

TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wana angalizo, wana tahadhari. Wa huku nao wana hatua zao: kwanza dalili zipo, jiandae, kisha imefika au inakaribia kufika, tulia ndani. Mwaka wangu wa kwanza niliisoma hiyo ya pili, nikachungulia dirishani, jua linawaka. Nikacheka, nikaondoka. Dakika kumi na tano kusini nikaingia kwenye ukuta mweupe, sioni hata boneti. Saa tatu nzima barabarani na ndizi moja. Kila mara nilitoka kufukua ekzosi, maana ikiziba, moshi unarudi ndani na unakuua kimya kimya. Vidole vilikufa ganzi hadi nikashindwa kufungua mlango, nikausukuma kwa bega.

Utabiri haukunidanganya. Niliangalia dirisha langu wakati habari ilikuwa ya kule ninakokwenda.

Sasa wewe mjomba wa Ukerewe, unayesema unalisoma wingu tu: wingu unaloliona ni la kwako. La huko unakokwenda kutega nani kalisoma? Meseji ya utabiri ya leo jioni ifungue kabla hujawasha injini.

Haya, ngoja nikatafute sepeto. Kazini naingia saa tatu, na gari nimelitambua kwa antena tu.